Habari za Baridi Kali, Mashine Mpya za Hesabu, na Gesi Iliyomo Ardhini Mwetu

Wasomaji wetu, hasa vijana wa shule za sekondari za hapa Kibaigwa na Kongwa, wametuuliza mara nyingi juu ya neno moja wanalolisikia redioni na kulisoma katika simu zao, nalo ni "kwanta". Maswali yalizidi mwezi wa Oktoba mwaka 2025, pale tuzo ya Nobel ya fizikia ilipotolewa kwa mabwana watatu, John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, kwa kazi waliyoifanya miaka arobaini nyuma juu ya saketi ndogo ya umeme iliyowekwa katika baridi kali. Wengine wametuuliza kwa kutaka kujua. Wengine wametuuliza kwa hofu, kwani wameambiwa kwamba mashine zitokanazo na elimu hiyo zitafichua kila siri na kufungua kila mfuko wa fedha uliomo ndani ya simu. Na baba mmoja, mfanyabiashara wa mahindi katika soko letu, ametuuliza kwa ukali: mwanawe, ambaye amehitimu kwetu chuoni na sasa yuko kidato cha tatu, asema kwamba ataisoma fizikia mpaka mwisho wake, naye baba haoni fizikia itamfaa nini mtu wa Kibaigwa wakati magunia yapo sokoni na magari yanangoja kupakiwa.

Swali la baba huyu ndilo lililotufanya tushike kalamu. Sisi ni walimu wa Kurani, na skuli yetu ilikomea darasa la saba. Haya tunayoyaandika tumeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza walimu wa sekondari, ambao hawakuchoka nasi. Mwalimu wa chuo amezoea kumfundisha mtoto alifu kabla ya juzuu, basi nasi tutaanza na alifu ya jambo hili, nayo ni baridi.

Joto ni mtikisiko. Vitu vyote vimefanywa kwa chembe ndogo ndogo ziitwazo atomi, na chembe hizo hazitulii. Kadiri kitu kinavyokuwa cha moto ndivyo chembe zake zinavyotikisika kwa nguvu. Ukikipoza, mtikisiko hupungua. Walakini kupoza kuna kikomo. Ukishuka mpaka nyuzi 273 na kidogo chini ya sifuri, hapana tena joto la kuondolewa, na wataalamu wameonyesha kwamba kikomo chenyewe hakifikiki, ila hukaribiwa tu. Friji ya kugandishia nyama hushuka nyuzi 18 tu chini ya sifuri. Tazameni basi umbali uliobaki.

Mwaka 1908, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, bwana mmoja jina lake Heike Kamerlingh Onnes alifaulu kuifanya gesi ya heliamu iwe maji. Hii ni gesi nyepesi, isiyowaka, ambayo watu wengi wameiona katika vibofu vya kupeperusha watoto wanapofurahia sikukuu. Haikubali kuwa maji mpaka ifikishwe nyuzi 269 chini ya sifuri. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1911, bwana huyo aliichovya zebaki katika baridi hiyo, akapitisha umeme ndani yake, akapima ukinzani, yaani kule kupingwa kwa umeme unapopita katika madini. Akaona ukinzani umetoweka ghafula. Haukupungua kidogo kidogo mpaka ukaisha. Ulianguka mara moja, mithili ya kamba iliyokatwa. Umeme ukianzishwa katika pete ya namna hiyo huendelea kuzunguka wenyewe, pasipo betri, maadamu baridi ipo.

Sababu yake haikujulikana kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini, mpaka mwaka 1957, walipoieleza Wamarekani watatu, Bardeen, Cooper na Schrieffer. Sisi twaieleza kwa mfano ulio karibu nasi. Katika waya wa kawaida, chembe za umeme, ambazo huitwa elektroni, ni kama watu katika soko la Kibaigwa msimu wa mavuno: kila mmoja ana njia yake, huyu ana gunia begani, yule asukuma mkokoteni, wanagongana, wanasimama, na nguvu nyingi hupotea kwa misukosuko, ndiyo maana waya hupata moto. Baridi inapozidi, elektroni hizo hushikana wawili wawili, na jozi zote, ambazo ni mabilioni kwa mabilioni, hufuata mwendo mmoja kama safu za swala ya jamaa. Imamu akirukuu, msikiti mzima warukuu. Hapana anayemgonga jirani yake. Hivyo ndivyo umeme unavyopita pasipo kupoteza kitu.

Sasa twende kwenye neno lenyewe. Kwanta maana yake ni kipimo kisichokatika. Mahindi sokoni waweza kuyapima kilo moja, au kilo na robo, au punje moja zaidi. Lakini anayeuza mayai hawezi kukupa yai na robo. Karne iliyopita wataalamu waligundua kwamba katika mambo ya chembe ndogo, nguvu hutolewa kama mayai, si kama unga: huwa kwa ngazi, na baina ya ngazi na ngazi hapana pa kukanyaga. Tena waligundua ajabu ya pili. Mtoto akitupa mpira ukutani, mpira hurudi. Chembe ndogo ikikutana na ukuta, aghalabu hurudi. Walakini mara nyingine huonekana upande wa pili, na ukuta haukutobolewa wala haukurukwa.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ajabu hizi ni za chembe moja moja tu, na kwamba kitu kikubwa kinachoshikika mkononi hakina sehemu humo. Kati ya atomi moja na punje ya mtama kuna nchi pana ya vitu vya kati na kati, na tawi zima la fizikia hushughulika na mpaka huo: ni wapi desturi za chembe hukoma, na ni wapi desturi za vitu vya kila siku huanza? Mwaka 1962 kijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Brian Josephson, mwenye umri wa miaka 22, alionyesha kwa hesabu kwamba ukiweka vipande viwili vya madini ya baridi, na katikati yake utando mwembamba usiopitisha umeme, jozi za elektroni zitapita katika utando huo kana kwamba haupo. Kuna mtaalamu mkubwa aliyempinga, tena ni yule yule Bardeen tuliyemtaja. Lakini majaribio yalimpa haki kijana.

Clarke, Devoret na Martinis walifanya kazi yao mwaka 1984 na 1985 katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Clarke, mzaliwa wa Uingereza, alikuwa mwalimu. Devoret alikuwa ametoka Ufaransa. Na Martinis alikuwa bado mwanafunzi. Walitengeneza saketi yenye utando kama ule wa Josephson katika kipande cha ukubwa wa sentimita moja hivi, wakaiweka katika baridi, wakaizuilia kila kelele ya nje. Kisha waliupitisha umeme mdogo na kungoja. Saketi nzima, kwa jozi zake zote zinazokwenda kama kitu kimoja, ilikuwa imefungiwa nyuma ya ukuta wa nguvu. Baada ya muda ikatokea upande wa pili. Walipozidi kuipoza, wakaona kwamba muda wa kungoja hauongezeki tena; basi si joto lililoirusha juu ya ukuta, bali imepenya. Walipoimulika kwa mawimbi ya aina ile inayopasha chakula katika jiko la maikrowevu, wakaona inapokea nguvu kwa ngazi, kama mayai. Kitu cha kushikika mkononi kilikuwa kimefuata desturi ya chembe.

Tumekawia hapa kwa makusudi, kwani yaliyobaki yametokana na hili. Lau saketi inaweza kuwa na ngazi, basi yaweza kutumika kuhesabia. Kompyuta ya kawaida, na simu iliyomo mfukoni mwako, huhesabu kwa taa ndogo ambazo ama zimewaka au zimezimwa. Mwaka 1999, katika maabara ya kampuni ya NEC huko Tsukuba, Japani, mabwana Nakamura, Pashkin na Tsai waliweza kuiamrisha saketi ya alumini ikae kwa muda mfupi kabisa katika mchanganyiko wa hali mbili, ya kuwaka na ya kuzimwa. Saketi ya namna hiyo huitwa kubiti. Utando wake hauna siri kubwa: ni kutu ya alumini, yenye unene wa atomi chache tu.

Watu husema kwamba mashine ya kwanta hujaribu majibu yote kwa wakati mmoja. Maneno haya yanapotosha. Mfano ulio bora ni wa maji. Tupa mawe mawili katika bwawa la Hombolo, nawe utaona viduara viwili vinapanuka. Vinapokutana, mahali pengine wimbi huongezeka, na mahali pengine wimbi huliua wimbi, maji yakatulia. Ufundi wa kazi hii ni kuyapanga mawimbi ili majibu ya makosa yauane yenyewe, na jibu la haki libaki limeinuka. Si kila hesabu yakubali kupangwa hivyo. Kwa hesabu za mahindi na mishahara, kompyuta iliyopo dukani yatosha na kuzidi. Linalotarajiwa ni msaada katika kujua jinsi atomi zinavyoungana, kwa ajili ya dawa, mbolea na madini mapya, kwani huko mambo yenyewe ni ya kwanta tangu asili.

Ama hofu ya fedha, nayo ina asili yake. Mwaka 1994 Mmarekani mmoja, Peter Shor, alionyesha kwamba mashine kubwa ya namna hii itaweza kuvunja baadhi ya kufuli za hesabu zinazolinda barua na fedha zinapopita katika mitandao. Mashine yenye ukubwa wa kufanya kazi hiyo haijapatikana. Kampuni ya IBM ilitangaza mwezi wa Desemba 2023 kipande chenye kubiti 1,121. Google ilitangaza Desemba 2024 kipande kiitwacho Willow chenye kubiti 105, ambacho sifa yake ni kwamba makosa yake hupungua kadiri kubiti zinavyoongezwa katika kundi, badala ya kuzidi. Hesabu za wataalamu juu ya kuvunja kufuli hizo hutaja mamia ya maelfu ya kubiti, hata milioni. Na wenye kufuli hawakulala: taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa mwezi wa Agosti 2024 kanuni za kufuli mpya, zilizokusudiwa kuhimili mashine hizo. Kwa hivi sasa, ndugu zetu, anayeibiwa fedha za simu hapa Kibaigwa huibiwa kwa kuwa amemtajia mtu namba yake ya siri. Wala msidanganyike na wachuuzi wanaopita na vikuku na vidani wakisema vina "nguvu ya kwanta" ya kutibu kisukari na presha. Kwanta ya saketi tulizozieleza huishi katika baridi ambayo mkono wa binadamu haiwezi kuistahimili.

Kubiti ni kitu cha kudekezwa. Joto kidogo, mwanga kidogo, hata mtikisiko, huiharibia mchanganyiko wake. Kwa hiyo saketi hizi huning'inizwa ndani ya mtungi mkubwa wenye matabaka, kila tabaka la chini likiwa baridi kuliko la juu yake, mpaka huko chini kabisa ambako joto limebaki kama sehemu moja au mbili katika mia ya nyuzi moja juu ya kile kikomo tulichokitaja. Anga tupu baina ya nyota ina karibu nyuzi tatu juu ya kikomo hicho. Basi ndani ya mtungi ule mna baridi kupita mbinguni kwenye giza. Na kinachofanya baridi hiyo ni heliamu: aina zake mbili, nyepesi na nzito, huchanganywa na kutenganishwa katika mzunguko usiokoma. Njia hiyo iliwazwa na Heinz London mwaka 1951. Tangu hapo hapana gesi nyingine iliyochukua nafasi ya heliamu katika baridi ya namna hii. Mashine za MRI za hospitali kubwa nazo aghalabu zina sumaku iliyotumbukizwa katika heliamu ya maji.

Hapa ndipo tunapomrudia baba wa sokoni, kwani heliamu haitengenezwi kiwandani. Huzaliwa ndani ya mawe ya kale yenye urani na thori, ambazo huvunjika taratibu mno na kutoa heliamu. Nayo hukaa imefungwa mawemo kwa mamilioni ya miaka. Mawe ya nyanda zetu za kati ni katika mawe ya kale duniani, umri wake hupita miaka milioni 2,500. Kisha Bonde la Ufa likapasuka kandokando yake, moto wa volkano ukayapasha mawe hayo, na gesi ikaanza kutoka. Katika pande za Singida na Dodoma zipo chemchemi za maji moto ambazo mapovu yake yamepimwa yakakutwa na heliamu. Ofisi kuu ya wapimaji wa mawe wa nchi hii, ambayo leo huitwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iko mjini Dodoma, mwendo wa basi moja kutoka hapa petu. Twajiuliza ni shule ngapi za wilaya yetu zimepata kuwapeleka watoto wakaione.

Mwezi wa Juni mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa mna heliamu nyingi, wakakadiria futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja tu ya Bonde la Ufa. Uchimbaji wa majaribio ulianza mwaka 2021. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula kilileta juu gesi yenye heliamu, kiasi cha sehemu tano hivi katika mia. Hicho ni kiasi kikubwa, kwani katika nchi nyingine heliamu hupatikana kama sehemu ndogo sana ndani ya gesi ya kupikia. Wauzaji wakuu wa dunia hivi sasa ni Marekani, Katari, Algeria na Urusi. Heliamu ikiponyoka haikamatiki tena. Ni nyepesi mno, hupanda juu mpaka ikaiacha dunia.

Wazee wa Kongwa wanajua habari za watu waliokuja kutafuta mali katika ardhi hii. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta hapa matrekta, reli na mamilioni ya pauni ili ilime karanga. Mengine ya matrekta hayo yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Udongo wakati wa kiangazi uliwashinda kwa ugumu, mvua iliwapita, na mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukafutwa. Wagogo walikuwa wameijua mvua hiyo vizazi na vizazi. Sisi hatusemi kwamba heliamu ya Rukwa itakwenda njia ya karanga. Mawe yamepimwa safari hii. Twasema kwamba mwenye ardhi asiyejua thamani ya kilichomo hawezi kukaa na mnunuzi wakasemezana. Muuza mahindi analijua hilo kuliko sisi, kwani yeye hamwachii mtu wa Dar es Salaam amsomee mzani.

Wala asiseme baba huyu kwamba elimu ya baridi ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu ya maziwa. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika friji. Nafasi ilikuwa ndogo na wanafunzi wengi, basi Mpemba akayatia ya kwake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa yamepozwa. Alimwuliza mwalimu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye alizungumza na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba wao huyatia yakiwa moto, kwani huganda upesi. Wauzaji wa barabarani walikuwa wanalijua jambo ambalo darasani lilikataliwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu wa huko akaifanya "fizikia ya Mpemba" kuwa neno la mzaha kila kijana alipokosea hesabu.

Kisha alikuja shuleni mgeni, Dokta Denis Osborne wa Chuo Kikuu kilichoko Dar es Salaam. Mpemba akauliza mbele ya wote, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakaliandika pamoja katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Tangu hapo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima. Ubishi haujaisha, mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza waliandika kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha katika maji. Lakini mwaka 2024, huko Innsbruck nchini Austria, watafiti waliokuwa na mashine ya kwanta, ambayo si ya saketi bali ya atomi zilizonaswa, walilitazama jambo la kufanana nalo: katika makundi mawili ya chembe, lile lililowekwa mbali zaidi na hali ya utulivu lilitangulia kulifikia lile lililokuwa karibu. Wakaliita kwa jina lile lile, Mpemba wa kwanta.

Tumemweleza baba wa sokoni habari hizi, naye alisikiliza akiwa amekaa juu ya gunia, kisha akauliza kama huyo Mpemba alitajirika. Tulimjibu kwamba alikwenda kusoma uhifadhi wa wanyama katika chuo cha Mweka, akawa mtumishi wa serikali katika kazi hiyo. Akanyamaza. Mwanawe yungali kidato cha tatu, na mtihani wa kidato cha nne ni mwakani.

Kwa vijana wenye friji nyumbani, na kwa ruhusa ya mama mwenye friji: chukueni vikombe viwili vya namna moja, kila kimoja mkitie maji ya kipimo kimoja, haya ya moto kiasi cha kutounguza, na haya ya mtungini. Viwekeni mahali pamoja pa kugandishia, msivigusanishe, na mviangalie kila baada ya dakika kumi, mkiandika. Fanyeni hivyo mara tano, si mara moja, kwani umeme wetu hukatika. Mtakayoyaona, yawe yanamthibitisha Mpemba au yanampinga, tuleteeni yameandikwa kwa saa na dakika, nasi tutayapitia pamoja na walimu wa fizikia.